Sungura Aliyekwama Hewani: Kumuaga Fundi Swichi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, fundi umeme wetu anakabidhi mikoba tarehe 30 Juni. Wengi hapa kituoni hatujawahi kulitumia jina lililo kwenye kitambulisho chake. Kwetu ni Fundi Swichi, na mwenyewe anaitika.

Alikuja hapa kijana, kituo hiki cha mazoezi ya viungo kikiwa na vyumba vitatu na taa za kupepesa. Nyaya za jengo jipya ni mkono wake. Jenereta kuukuu ameifufua mpaka tumeacha kushangaa. Maji yalipoingia stoo, yeye ndiye aliyekimbia kukata umeme, kisha akatukaripia sote kwa kusimama tukitazama.

Hakuna aliyewahi kumkuta ametulia. Chai anainywa akitembea, mikutano anaihudhuria mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Akikuta taa inawaka kwenye chumba kitupu, anazima. Akikuta inawaka nawe umo, ila umekaa kimya, anazima vilevile. Mhasibu wetu amezimiwa taa mara nyingi hivi kwamba siku hizi akifikiri jambo anapunga mkono juu. Sisi wa chumba cha kufulia tulizoea kuimba ili ajue tumo.

Lakini kisa ninachotaka kibaki kwenye karatasi hii ni cha sungura.

Chumba cha watoto kina kompyuta mpakato yenye gemu. Mtoto anabonyeza kitufe chekundu, kipana kama sahani, kilichounganishwa kwa waya, na sungura anaruka uzio. Ni mazoezi ya mkono, ila mtoto anajua anacheza tu. Binti yangu, aliyezaliwa na mkono wa kulia mzito, alikuwa mmoja wao. Mwalimu wa mazoezi aliniambia bila kuzunguka: huu ndio umri wa kuuamsha mkono ule, akizoea kuuacha mapajani, mbele itakuwa kazi ngumu.

Basi gemu ikaanza kuganda. Sungura anabaki hewani juu ya uzio, mtoto anabonyeza, anabonyeza, wapi. Kwa watoto wengine ilitokea mara mojamoja. Kwa binti yangu, karibu kila akicheza. Akaanza kusema mkono wake ni mbaya, unaharibu kompyuta. Akawa anauficha chini ya meza. Mimi nilikuwa chini nafua mashuka, masikio yakiwa juu. Nikisikia kimya, najua amekwama tena.

Fundi akaitwa. Alipangusa feni, akabadilisha chaja, akabadilisha waya wa kitufe, akaifuta gemu na kuiweka upya. Kila akimaliza aliijaribu mwenyewe, wima, akibonyeza kama anayepiga ngoma, na sungura aliruka mpaka mwisho wa shamba. Imepona, anasema, na kabla hujamshukuru yuko koridoni. Binti akiketi, inaganda. Mwalimu naye akajaribu: ikaenda vizuri. Ikaanza kusemwa, kwa upole, kwamba labda mtoto anabonyeza vibaya.

Nilimfuata stoo na povu mikononi, nikamwambia: Baba, wewe unacheza kama wewe, njoo ukae, ucheze kama mwanangu. Akanijibu kwamba kukaa kutamtia ugonjwa. Lakini alikuja.

Aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti usawa wa kidevu, binti yangu akimwongoza: bonyeza moja, sasa subiri. Bado, babu. Bado. Mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu kama cherehani. Alisubiri kadiri mkono wa mtoto ungehitaji kuinuka na kufika, ndipo akabonyeza. Sungura akapanda, akakwama.

Fundi akafungua mipangilio ya umeme. Kompyuta ilikuwa imeagizwa kubana chaji: isipoguswa kwa muda kidogo inapunguza nguvu, na tundu la waya wa kitufe linalazwa usingizi. Ikishtuliwa, gemu haizinduki sawasawa, picha inasimama. Sisi wenye mikono ya haraka hatukuipa nafasi ya kusinzia. Na aliyeiagiza hivyo ni yeye mwenyewe, mwaka ule tulipoambiwa tupunguze matumizi, alipozipitia kompyuta zote na kuziwekea sheria yake ya taa.

Hakutafuta wa kumsingizia. Alimwambia binti yangu, "Mkono wako hauna kosa, mama. Ni babu aliyekuzimia."

"Kama yule wa hesabu?"

"Kama yule wa hesabu."

Akaondoa ule usingizi wa tundu, akaiachia kompyuta nguvu zake zote wakati wa gemu, na chaja akaiacha ukutani. Halafu hakuondoka. Mkono ule ukaanza safari yake, taratibu, ukafika. Sungura akaruka, akatua ng'ambo. Fundi akaketi mpaka shamba likaisha, na sisi tuliojaa mlangoni tulikuwa tukimtazama yeye, si sungura.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuzima taa anakohoa mlangoni na kungoja. Mhasibu bado anapunga mkono; amezoea. Binti yangu sasa anafunga vifungo vya sweta ya shule mwenyewe, isipokuwa cha juu. Nacho tutakifikia.

Korido itakuwaje bila viatu vyake, hatujui, wala yeye hajui atazipeleka wapi siku zake. Mkewe ametutumia salamu kwamba nyumbani swichi ni saba tu, na zote anazihitaji.

Sherehe ya kumuaga ikiisha, taa za ukumbi atazizima binti yangu, kwa mkono wa kulia. Swichi ile ni ngumu, itachukua muda. Tunaomba mbaki kwenye viti vyenu, na asisaidiwe. Fundi ameahidi kuketi.

Asante kwa yote, Fundi Swichi. Uishi vyema, wewe na wako, na siku zako ziwe na kazi ya kutosha miguu hiyo. Ukipita huku, kile kiti kidogo kipo palepale.