Damian Rwegasira na Saa ya Kumenya Ndizi

Ndugu waombolezaji, huyu tunayesoma wasifu wake leo angetaka tusome polepole na tusiruke tarakimu. Marehemu Damian Rwegasira alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Kimwani, wilayani Muleba, mtoto wa tatu wa Mzee Rugaibula na Mama Kemilembe.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1967 hadi 1973, kisha sekondari mjini Bukoba hadi 1977. Alikuwa mpole, ila mwalimu akikosea kujumlisha ubaoni, Damian alinyoosha mkono. Kwa kosa hilo alichapwa mara mbili.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa mjini Bukoba, akadumu miaka thelathini na minane. Pale akina mama wachambuaji wa kahawa walikuwa na zamu ya kuwahi saa nzima kabla ya kengele, wamenye ndizi za chakula cha mchana cha kiwanda kizima. Saa hiyo haikuandikwa popote. Wiki moja ya Julai 2011 Damian aliiandika. Hesabu ya Joviana, aliyekuwa zamu wiki hiyo, ilisomeka hivi: saa 45 za kawaida kwa shilingi 800 ni 36,000, saa 6 za ziada, kila moja kwa mara moja na nusu, yaani 1,200, ni 7,200, jumla kabla ya makato, 43,200. Meneja, Bwana Kaijage, akamwita ofisini, akamwambia achague: afute au aondoke.

“Bosi, jana ulikula ebitoke, ndizi zetu za mchana?” Damian akauliza.

“Nilikula.”

“Basi aliyezimenya alikuwa kazini.”

Akasimamishwa. Alikaa nyumbani siku kumi na moja akipalilia migomba na, tuseme ukweli, akiogopa, maana ada za watoto zilikuwa zinasubiri. Akina mama nao wakaanza kufika kengele ikilia. Kiwanda kizima kikashinda njaa, meneja akiwemo. Siku ya kumi na mbili Damian alirudishwa, na saa ile ikalipwa.

Alifunga ndoa na Vestina mwaka 1984 katika kanisa la Kilutheri hapa kijijini. Walibishana kuhusu chumvi kwa miaka arobaini na moja, na walipendana muda wote huo.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2025. Alilazwa Bukoba, mkewe akilala kwenye mkeka kando ya kitanda. Wiki ya mwisho alimwambia, “Mama Avit, wiki hii umefanya saa mia moja na ishirini. Za ziada ni sabini na tano.”

“Na atanilipa nani?” mama akacheka.

“Natangulia kukudaia.”

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 67.

Ameacha mjane, Vestina. Watoto wanne, Avit, Evelyne, Joyness na Mwijage. Na wajukuu tisa. Tutamkosa sana. Bwana amtulize mtumishi wake, na ampe Mama Avit haki yake yote, bila makato.