Mgeni Aliyekuja Kujiona

Leo, tarehe 30 Juni, Mzee Wanani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Takwimu, na thelathini na mitatu tangu vita vimtoe kwao. Hesabu zote mbili kaziandika kwenye fomu ya kustaafu, ingawa fomu iliuliza moja tu.

Jina hilo alilipata kazini. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, huuliza kila kitu ni cha nani: kiti ni cha nani, likizo ni ya nani, mfanyakazi ni wa nani. Kwenye hifadhidata, hutukumbusha, mmiliki akifutwa, vyote anavyovimiliki hufutwa pamoja naye. Usigawe umiliki kwa pupa.

Somo hilo hakulisoma kitabuni. Alipounda mfumo wa wafanyakazi, aliandika kwamba idara inamiliki wafanyakazi wake, na mfanyakazi anamiliki kiti chake. Ulikuwa mpango nadhifu. Kisha Takwimu ikaunganishwa kwa muda na Mipango, na karani wa utumishi akaifuta mfumoni kwa kubofya mara moja. Wafanyakazi tisa wakaenda nayo, na viti tisa. Asubuhi mama wa usafi alikuta orodha yake haina kiti hata kimoja, akavitoa vyote nje. Yeye hufuata maandishi.

Getini kadi ya Mzee ikakataa. Mlinzi alitazama skrini, akamtazama yeye, akasema kwa huruma, "Mzee wangu, hapa hupo."

"Inasema kweli, mwanangu. Nimejifuta mwenyewe."

Ikabidi aingie kama mgeni: akapewa kadi ya mgeni na daftari la kujaza. Penye "anayekuja kumwona" aliandika jina lake. Aliturudisha sote kutoka nakala ya akiba, akiwa amesimama kwa kukosa kiti, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amesahihisha: mfanyakazi anahusiana na idara, hamilikiwi nayo. Idara ikifutwa, yeye anabaki. Kadi ile ya mgeni ilining'inia kwenye taa ya meza yake hadi jana.

Kila Desemba alituaga kwamba mwakani anarudi kwao. Sanduku lake lilikaa chini ya meza, tayari, nasi tukalizoea kama pa kuwekea miguu. Mwaka huu dada yake alimwandikia kwamba mtaa wao haupo tena, hata kwenye ramani. Aliisoma barua mara mbili, akauliza nani kachukua stapla yake. Juzi, kwenye taarifa zake za utumishi, penye makao ya baadaye, nafasi aliyoiacha tupu miaka yote, aliandika nyumba namba nane, nyuma ya ofisi yetu.

Asante, Mzee, kwa kutuuliza maswali yaliyotuudhi na kutuokoa. Uishi vizuri, uamke utakapo, na ukipita getini usichukue kadi ya mgeni.

Sanduku ametuachia la kuwekea karatasi. Harudi kwao.