Mama Kufuli Akabidhi Funguo

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu fundi mkuu wa maabara yetu ya ubongo anastaafu. Wahasibu wanamjua kwa jina lake kamili. Sisi wengine tunamwita Mama Kufuli.

Kazi yake ilikuwa kukata vipande vyembamba vya ubongo, kuvitia rangi na kuvilinda. Hapo kwenye kulinda ndipo alipotukomesha. Alianza kwa kufunga friji ya sampuli ili tusiweke soda humo. Akafunga kabati la vioo. Akafunga na chumba cha chai, kwa kuwa sukari huvuta sisimizi na sisimizi hawana adabu. Siku moja alimfungia mkurugenzi ndani ya chumba cha baridi, akaenda zake kula. Mkurugenzi alitoka anatetemeka, lakini alikiri kwamba sampuli zote zilikuwa salama.

Utafiti uliompa sifa ulihusu mchochota, yaani ule mwako na uvimbe ambao mwili huuwasha unapopambana na maradhi. Ubongo nao una seli zake za ulinzi, zinazofagia takataka na kufukuza vijidudu. Kazi njema kabisa. Shida huja zisipojua kutulia. Huendelea kuwaka miaka nenda miaka rudi, na huenda zikawaumiza majirani zao, seli za neva, na hivyo kuchangia maradhi ya usahaulifu. Kama mchochota ndio huanzisha ugonjwa au huuchochea tu, bado tunabishana. Vipande vya Mama Kufuli ndivyo vilivyotuonyesha walinzi hao wamejazana palipoharibika. Tulivitazama, tukamtazama yeye na funguo zake, tukacheka hadi akatunyima chai.

Kisha mumewe, seremala mstaafu, akaanza kusahau. Mama Kufuli akaingia vitani. Alibandika majina kwenye kila kitu nyumbani kama yuko maabara, akafunga jiko la gesi, na kila mzee alipokosea neno alimsahihisha papo hapo. Mzee akanyamaza. Alishinda kutwa kimya, asije akakosea tena. Tulimwona mama wa watu akinyong'onyea, na ilituuma.

Aliyemwokoa ni mzee mwenyewe. Asubuhi moja alimwambia kwa upole kwamba yeye ni mumewe, si sampuli. Mama Kufuli alicheka, akalia, kisha akabandua vile vibandiko vyote. Siku hizi mzee akiomba kijiko huku ameshika msumari, yeye humletea nyundo bila neno. Wanaongea tena.

Anaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake, kwa sababu mzee bado anamkumbuka, naye Mama Kufuli hataki kupitwa na siku hizo.

Asante, Mama. Funguo tumezipokea, isipokuwa ule wa chumba cha chai ambao umegoma kuutoa. Nenda ukalinde kwa upole. Tunawatakia wewe na mzee siku nyingi za kuongea, hata kama nyundo itaitwa kijiko.