Douwe Hoekema na Barafu ya Ugenini

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kanisani leo, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yangu Douwe Hoekema, kama alivyotaka yasomwe, bila kupambwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Januari 1961 huko Makkum, Friesland, nchini Uholanzi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Wiebe, fundi wa mashua, na mama Froukje, akasoma hapo hapo Makkum, kisha chuo cha ufundi cha Sneek alikohitimu mwaka 1979, na tangu utotoni alisifika kwa kuteleza kwenye barafu, kiasi kwamba majirani walimwita aipime barafu ya mifereji kabla watoto hawajaruhusiwa kuingia.

Alifanya kazi na baba yetu, na tarehe 14 Mei 1987 akafunga ndoa na Baukje Dijkstra, wakajaliwa binti mmoja, Nynke, aliyezaliwa Novemba 1991.

Mwaka 2005 waliuza nyumba, wakahamia hapa Jämtland, Sweden, wakaanzisha kampuni ya kutembeza wageni ziwani kwa viatu vya kutelezea, na kabla ya msimu wa kwanza jirani yao, mama Gunvor Nordlund, tuliye naye hapa mbele, alimfuata kaka akamwambia, "Jirani, baridi ikikolea wenye bwawa la umeme huyapunguza maji ya ziwa hili, barafu ya pembeni inabaki inaning'inia, chini patupu. Uliza kwanza."

Kaka alicheka. "Mama, mimi Mfrisia. Barafu utanifundisha wewe?"

"Ya kwenu sikufundishi," akajibu. "Ya hapa huijui."

Hakuuliza, na tarehe 11 Februari 2006 Baukje alikuwa akiwaongoza wageni kurudi ufukweni, barafu ya pembeni ikakatika, wakatumbukia yeye na wageni wawili, Douwe, aliyekuwa nyuma yao, akawatoa wageni wakiwa hai, lakini mkewe alikuwa ameteleza chini ya barafu, na tulimzika mwezi Mei, barafu ilipoyeyuka na mwili wake kupatikana. Nynke alirudi Makkum kwa bibi yake, akakata mawasiliano na baba yake.

Tulimsihi kaka arudi nyumbani, akakataa, akaenda jikoni kwa mama Gunvor akasema, "Nifundishe," naye akamjibu, "Umechelewa, lakini keti." Tangu hapo hakupeleka mgeni ziwani kabla yeye na mama Gunvor hawajatembea ufukweni kuikagua barafu, na hakupoteza mtu mwingine. Biashara iliimarika, furaha haikurudi.

Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali ya Östersund, na mwezi Januari Nynke alifika, akasimama mlangoni mwa chumba chake, koti likiwa bado mwilini.

"Baba, uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Na mama ukampeleka."

"Nikampeleka, mwanangu."

Nynke akavua koti, akavuta kiti karibu na kitanda, akamshika mkono, na ndiye aliyemfumba macho alfajiri ya tarehe 3 Machi 2023.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wenzake wa kazi walioendelea kupokea wageni alipokuwa kitandani, na majirani wa kijiji hiki, mliomletea supu na kuni mtu ambaye hamkuwa na deni lolote kwake.

Kaka Douwe, pumzika sasa kando ya Baukje, kwa amani ambayo hapa duniani hukuipata.