Kicheko Ndani ya Wimbo wa Msiba

Hebu vuta picha: benchi la mbao limeegemea ukuta, chini ya dirisha la chumba kimoja. Humo ndani Magodoro amejenga studio yake ya kurekodi muziki. Jina hilo kapewa na wana-benchi, wazee kama Kinyozi na Mstaafu wanaokunywa kahawa hapo, maana magodoro yote ya nyumbani kayatundika ukutani kuzuia kelele, na mkewe sasa analala mkekani. Leo katoka nje uso umemsawajika. Mama mmoja mjane amerekodi wimbo wa kumlilia mumewe mara tatu, na kila mara, katikati ya ubeti, kinasikika kicheko. Sasa anasubiri ndani; akikisikia tena leo, anahamia studio nyingine. Na Magodoro hana mteja mwingine.

— Tatizo ni godoro, alisema Kinyozi. Godoro alilonyang'anywa mke halitulii. Lina manung'uniko, yanaingia kwenye maikrofoni.

— Manung'uniko yanacheka, wewe? Mstaafu akamkata. Weka ndoo ya maji kila pembe, mwanangu. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Sauti ikitumbukia humo, ndiyo imekwisha!

Benchi zima likaangua kicheko, watu wakapigana mapaja.

— Basi ni marehemu mwenyewe, akasema Kinyozi. Kasikia anavyosifiwa, kashindwa kujizuia!

— Kikulacho ki nguoni mwako, bwana! Mstaafu akadakia. Mwambie mama avue bangili, ndizo zinazocheka.

Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Magodoro naye alicheka, kikombe mkononi. Angewaambia nini watu wazima waliomsaidia kubeba hayo magodoro?

Mlango ukafunguka. Mjane akatoka, hedifoni shingoni.

— Habari zenu, kaka zangu. Kwani benchi hili haliwezi kukaa upande wa pili wa barabara?

Kinyozi akageuka, akaliona dirisha juu ya kichwa chake.

Magodoro akaweka kahawa chini, akashika ncha ya benchi.

— Wazee wangu, alisema, naomba mnyanyuke.

— Haya, kapata maikrofoni moja tu, tayari anafukuza wazazi! Mstaafu alilalama. Lakini alinyanyuka, na benchi likavuka barabara.

Nawe uliyesikiliza, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: kabla hujamshauri aliye kazini, tazama kwanza umekaa wapi.