Anayebaki Njiani

Mume wangu Jules alifariki Jumatatu ya theluji, akiwa ameniomba nimrudishe kwetu Bukavu, azikwe huko. Tangu hapo gari letu limelala, nami napanda basi.

Jumamosi iliyopita, hapa Louisville, kijana Mkenya alipanda akitoka makumbusho ya besiboli, ameshika gongo dogo wanalopewa wageni. Mama mmoja wa kwetu Kivu akamuuliza, "Mutoto yangu, kale kamuti ni ka kutwangia sombe?" Sombe kwetu ni kisamvu, majani ya muhogo.

Kijana alicheka. "Ni ya besiboli, mama. Unaanzia pahali panaitwa nyumbani. Mpira ukigongwa, unakimbia mzunguko. Ukirudi nyumbani, umepata pointi."

"Bon. Na mwenye hakurudia?"

"Huyo hahesabiwi."

"Donc alikimbia bure? Ule muchezo ni mubaya." Hajawahi kuona mechi hata moja, lakini alikuwa amekwisha kuamua.

"Si bure, mama. Akibaki njiani, mwenzake anaweza kugonga mpira, amrudishe."

"Na mwenzake akikosa mupira?"

 Basi likasimama, nami nikashuka.

Sikuweza kumrudisha Jules; amezikwa ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo hicho. Kila Jumamosi mimi ndiye ninayekwenda kwake.