Roboti Aliyeacha Utani

— Kapteni amemwacha roboti afe, Soli! Hivi hivi, bila hata neno!

— Sasa mimi unanifokea nini? Nilikuwa kwenye chombo?

Kahawa ilikuwa imempoa mkononi Wembe, kinyozi, naye hana habari. Benchi lao lilikaa kati ya saluni yake na meza ya Soli, fundi viatu, chini ya dirisha la jirani waliyemwita Sauti. Kazi ya Sauti ilikuwa kuitia Kiswahili tamthilia ya chombo cha angani. Alijifungia chumbani akazungumza juu ya sauti za waigizaji wote. Kapteni yeye, roboti yeye. Misimu minne mtaa mzima ulivunjika mbavu kwa utani wa roboti. Msimu wa tano ukaja na vita na vilio vitupu. Na jana roboti kafa.

— Watunzi wamebadilishwa, alisema Soli.

— Watunzi wapi! Huyu kapteni si yule. Wa kwanza walimsahau kwenye sayari ya barafu, huyu ni pacha wake.

— Pacha mwenye kovu lile lile?

— Kachorwa!

— Basi sikia yangu. Roboti alioa friji ya chomboni, kwa siri. Kila kapteni akifungua achukue maji, roboti roho inamlipuka. Angetania saa ngapi, mtu mwenye wivu vile?

— Gundi ya viatu imekupanda kichwani!

— Na wewe je? Mwanamume mzima unalilia bati!

Mteja aliyeketi mlangoni mwa saluni, mgeni mtaani, kichwa kimenyolewa nusu, aliinua mkono.

— Samahani, kaka zangu. Mimi hiyo naiangalia kwa lugha yake. Roboti hajawahi kutania hata siku moja. Tangu mwanzo ni vita na vilio. Sasa nyie mlikuwa mnataniwa na nani?



Wembe aliinuka. Aliangalia dirisha, kisha kamba ya nguo pembeni yake. Mashuka. Kila asubuhi mashuka yaliyofuliwa, tangu msimu wa tano uanze, kwa mtu aliyewaambia mkewe amesafiri. Naye, rafiki yake, aliyaona akayapita, akaenda kuomboleza bati.

— Shemeji, alinong'ona.

Walibisha hodi wote watatu, mgeni nyuma na nusu kichwa chake. Sauti alifungua. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu.

— Utani wote ulikuwa wa mke wangu, alisema. Alikaa nyuma yangu akininong'oneza, mimi nikasema. Kiharusi kimempinda mdomo, hasemi, na hakutaka mmwone hivyo. Lakini anawasikia kutwa hapo dirishani, na leo amecheka. Vueni viatu, jamani. Soli, tangulia wewe, umalizie ile ya friji.